Kina Kakule wa Ndosho

Kila asubuhi Umwiza alifagia sebule ya shangazi yake, Tantine Athanasie, huko mtaa wa Keshero, kisha akawapa wageni chai. Tangu volkano ilipuke na watu kukimbilia mji wa Sake, nyumba ilijaa. Wengine walikuja kuchaji simu na kupiga umbea. Wengi walitafuta watoto waliopotea njiani. Tantine alikuwa ametengeneza tovuti yenye majedwali mawili: la watoto, na la vituo walikohifadhiwa. Namba ya kituo ndiyo iliyoyaunganisha.

Siku ya tatu watu walizidi, tovuti ikaanza kujikokota.

"Si nilisema?" akacheka Harelimana, muuza simu wa jirani. "Majedwali ni ya daftari la shule. Umati ukija, yanalala!"

Umwiza akaumia. Tantine alipotoka kidogo, alikaa kwenye kompyuta apunguze mzigo. Akaona: Kakule, miaka sita, Ndosho. Akaona tena. Na tena. "Wamemwandika mara tatu!" akawaza, akafuta wawili bila kutazama namba za vituo.

Kesho yake alasiri Mama Kanyere aliingia, miguu imejaa vumbi. "Kakule wangu, jana jirani alimuona humu kwenye orodha. Leo simu imenituma Sake, wakanionyesha mutoto wa wengine. Wangu iko wapi?"

Hapo Umwiza akakumbuka. Wanande, kabila la Mama Kanyere, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mtaani Ndosho kina Kakule hawahesabiki. Darasani kwa Umwiza tu walikuwa wawili! Basi aliowafuta walikuwa watoto tofauti.

"Mashine imemumeza," akasema Harelimana.

Ingekuwa rahisi kukaa kimya. "Hapana," Umwiza akasema. "Ni mimi nilimufuta."

Tantine hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alifungua nakala ya jana asubuhi, kina Kakule wote watatu wakarudi kwenye orodha. Wa Mama Kanyere alikuwa parokiani, hapo hapo Keshero! Mama Kanyere akatoka mbio.

Kisha Tantine akamwita Umwiza aketi karibu. Kumbe kila mtu alipotafuta jina, mashine ilisoma orodha nzima. Tantine akaweka faharisi ya majina, kama ya kitabu, ili mashine iende moja kwa moja kwenye jina, na kompyuta ya pili yenye nakala ya kusomwa tu, ipokee wanaotafuta. Jioni mamia walitafuta kwa pamoja.

"Eeh, inakimbia!" Harelimana akakiri.

Mama Kanyere akarudi amemshika mwanawe mkono. Mtoto akamkazia Umwiza macho. "Ni weye ulinifuta?"

"Ni miye," akajibu, akiinamisha kichwa. "Unisamehe."

"Majedwali yanabeba umati, yakipangwa vizuri," akasema Tantine. "Lakini kila mustari ni mutoto wa mutu. Usichokijua, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo, maana ukichelewa, mama fulani yuko njiani anatembea bure."