Bangili Zilizogeuka Rangi

Siku tatu kabla ya Idi, mwaka wa hamsini na sita, soko la Msambweni lilikuwa halipitiki. Wanawake wa Diani, wa Gazi, hata wa Mkongani kule juu walikuwa wameteremka na vikapu vyao, na nusu yao walijazana mbele ya kibanda cha sonara. Biasha binti Sefu alijipenyeza katikati yao, buibui limemteleza begani, leso nyekundu yaonekana ndani, mkononi kashika kitambaa alichokikunja mara tatu. Akampiga mtu kumbo. Ndoo ya maji ikapinduka, na aliyelowa kuanzia fulana hadi kikoi alikuwa sonara mwenyewe.

"Umeniogesha kabla hujanipa kazi," akasema yule kijana.

Jina lake Matano, mtu wa Vanga, hakuwa ametimiza miaka miwili pale mjini. Biasha aliomba radhi, lakini hakucheka. Akafungua kitambaa, akamwonyesha bangili nne za marehemu mama yake. Zilimpwaya mkononi, alitaka zipunguzwe na zisafishwe, naye angekaa papo hapo kuzitazama mpaka zimalizike.

Sasa msimwone mkali bure. Pwani yetu ndivyo tulivyo, dhahabu haiachwi kwa sonara. Mwenye mali huketi kibaoni, macho kwenye mikono ya fundi, kwa sababu fundi akikwangua kidogo kwa tupa na unga ukamganda kwenye kucha, utamdai kwa ushahidi gani? Mama zetu walikaa, na nyanya zetu walikaa. Mwanapili, shangazi aliyemlea Biasha, alikuwa amemwapisha asubuhi ile kwamba hata kupepesa macho asipepese.

Basi akakaa. Kazi ya siku mbili ikachukua siku kumi na moja, Idi ikapita katikati, na Biasha akarudi kibaoni kwake na wanja machoni. Aliona wazi kwamba kijana yule anapiga nyundo polepole kupita mafundi wote wa dunia. Akanyamaza. Angelalamika, kazi ingekwisha.

Matano naye alikuwa mtu wa maneno. Alimweleza kwamba bangili haivaliwi baharini wala kwenye kinu, huvuliwa kabla mtu hajapaka chochote mwilini, husafishwa kwa maji ya ukwaju na kila moja hufungwa kitambaa chake isikwaruzane na mwenzake. Biasha akamuuliza kama na wake huwatunza hivyo. Alijibiwa kwamba mke hajapatikana, na kwenye kibao cha mbele ya fundi ndiko anakotazamiwa. Binti wa watu akajifunika leso mpaka puani.

Lakini tuhuma haikai mbali na kibanda cha sonara. Siku ya tisa alikuja Chiku, mke mwachwa wa Gazi, mweupe, kope ndefu, kanzu ya hariri ya kijani. Alitaka mkufu. Matano alimfundisha kuchagua kama alivyomfundisha kila mteja: asidanganywe na mng'aro, auweke kiganjani ausikie uzito, auburute juu ya leso aone kama unanasa nyuzi, kisha atazame kiungio kila pete inaposhikana na mwenzake, maana mkufu hukatikia hapo. Chiku akauliza tena na tena. Akataka avishwe. Matano akamvisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na Biasha pale kibaoni akasikia moyo unamchoma. Akajitazama mikono. Akaona ni myeusi mno.

Kesho yake shangazi alishikwa na homa, na Biasha akaitwa nyumbani kabla bangili ya mwisho haijapigwa msasa. Alisimama mlangoni, hajui ashike lipi.

"Zichukue, utarudi nazo kesho," akasema Matano.

"Nakuachia," akajibu Biasha.

Neno hilo kwa mwanamke wa Msambweni ni zito kuliko nakupenda. Matano alilisikia hivyo. Kesho yake alipomkabidhi bangili zake nne, zinawaka, zimemkaa mkononi sawasawa, alimwambia kwamba atamtuma mjomba wake kwa Bi Mwanapili. Biasha alirudi nyumbani hajui anakanyaga wapi.

Njiani akakutana na mchuuzi kutoka Mombasa. Kwenye sanduku lake kulikuwa na mafuta ya kung'arisha ngozi, kikopo kidogo chenye picha ya bibi mweupe. Alikinunua, akakificha chini ya godoro, na kila asubuhi akawa anajipaka uso na mikono kwa siri. Kuvua bangili alisahau, au hakutaka kuzivua, kwa kuwa zilikuwa zimetoka mikononi mwa Matano.

Siku ya sita bangili ziligeuka nyeupe.

Si weupe wa vumbi. Weupe wa fedha, nne zote, kama vijiko. Shangazi Mwanapili alizikamata, akazisugua kwa upindo wa leso, akazisugua tena, kisha akaketi chini na kutaka aambiwe kweli: kuna siku mtoto hakukaa kibaoni? Biasha akasema iko, moja. Shangazi hakuhitaji zaidi. Sonara amekula dhahabu ya marehemu, amerudisha fedha iliyopakwa rangi, na rangi sasa imetoka. Akaongeza kwamba yuko karani wa Kwale, mtu wa mshahara, aliyekwisha kuleta salamu mara mbili.

Biasha alimwendea Matano peke yake, machozi hayajakauka. Matano alizitazama bangili, akamtazama yeye, na uso ukamgeuka.

"Unapaka nini mikononi?" akamuuliza.

Lo! Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angesema kweli, hadithi ingekwisha. Lakini amwambie mwanamume kwamba anajichubua kwa wivu wa Chiku? Alijibu kwamba hapaki chochote isipokuwa maji na sabuni, na kwamba mwizi ndiye hutafuta wa kumsingizia. Matano aliomba azitie motoni amwonyeshe. Biasha akazivuta kifuani. Shangazi alikuwa amekwisha kumwonya: huyo akizitia motoni mara ya pili atazibadilisha mara ya pili.

"Haya," akasema Matano. "Wewe wajua ulichofanya."

Akamwacha aende. Na mimi nawaambia, hakuwa na moyo safi naye. Habari za karani wa Kwale zilikuwa zimemfikia.

Siku tisa zilizofuata zilimmaliza Matano. Shangazi aliingia nyumba hadi nyumba na zile bangili, na wateja wakaanza kuja kuchukua vyao, vilivyotengenezwa na visivyotengenezwa. Wengine hawakumsalimia. Bangili hakuna aliyempa azitie motoni, na bila hizo hakuwa na ushahidi. Sonara akishaitwa mwizi, hakuna mji wa pwani atakamofungua kibanda, kuanzia Vanga mpaka Lamu. Matano aliweka azma kwamba Alhamisi atafunga vyombo vyake aondoke, na baada ya hapo angeshika jembe.

Alhamisi hiyo asubuhi Biasha alikuwa mbele ya kioo, anajipaka, akaona jambo kwenye pua yake. Kipini chake, kile kidogo cha dhahabu alichotogwa nacho utotoni, hakijamtoka puani hata siku moja, hakijawahi kuguswa na Matano. Nacho kilikuwa cheupe nusu.

Alikaa kitandani. Alielewa yote, na alielewa pia kwamba hakuna mwingine ajuaye. Angeweza kukitupa kikopo chooni, akaolewa Kwale, na mji mzima ungemwonea huruma. Alilia kidogo, kisha akavaa buibui.

Kibandani alikuta watu wamejaa, Chiku yumo, na shangazi yake kasimama mbele anaonyesha bangili. Matano alikuwa akizifunga nyundo zake kwenye gunia bila kuinua kichwa.

"Shikamoo shangazi," akasema Biasha. "Niazime pete yako."

Pete hiyo Mwanapili aliinunua Mombasa kwa sonara ambaye kwa miaka ishirini yeye aliapa kwamba haibi. Aliivua akidhani italinganishwa na zile bangili. Biasha akatoa kikopo, akachota mafuta kwa kidole, akaisugua pete mbele ya macho ya watu wote. Aliisugua mpaka mkono ukamuuma. Kisha akaifuta kwa leso na kuiinua juu. Ilikuwa nyeupe.

Watu wakasogea kuitazama.

"Haya mafuta ni yangu," akasema. "Najipaka kila siku nipate kuwa mweupe, kwa sababu ya Matano. Hakuniibia. Nilimwambia uongo, nikawaacha mumwite mwizi."

Mwanamke mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Biasha alisimama palepale, machozi yakimtoka, mpaka wakanyamaza wenyewe. Shangazi alikuwa hasikii kicheko wala kilio, ameikodolea macho pete yake.

Matano aliufungua mzigo wake. Aliwasha makaa nje, akawaambia watu wasimame upande upepo unakotoka, maana ndani ya mafuta hayo mna zebaki, na moshi wa zebaki ni sumu. Aliitia pete motoni mpaka ikaiva, akaitoa, ikawa imefifia kama chungu. Akaisugua kwa ukwaju. Dhahabu ikarudi polepole, nyekundu, ileile.

Bi Mwanapili aliipokea, akaigeuza, akaivaa. Neno la kuomba radhi halikumtoka, hana desturi nalo. Alizitoa bangili nne akaziweka mbele ya fundi, na kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia akasema anakwenda zake nyumbani, ana wali jikoni. Akaondoka bila kuzilinda. Na watu, walipoona hivyo, wakaanza kuuliza kwa aibu kama fundi bado anapokea kazi.

Walipobaki wawili, Matano alikuwa wa kwanza kusema.

"Kabla ya leo, uliamini kweli kwamba nimekuibia?"

Biasha alifikiri kumdanganya. "Niliamini. Siku tisa nzima."

"Mimi niliamini umezipaka makusudi, upate sababu ya kumwendea karani."

"Mimi?" Alimtazama, hasira zikampanda, kisha zikamwishia. "Na Chiku je?"

"Chiku alinunua mkufu, Biasha."

Bangili zilikuwa mezani kati yao, bado nyeupe.

"Mjomba wako yuko wapi?" akauliza Biasha.

"Vanga."

"Mwandikie leo. Aje upesi, kabla hatujapata jambo jingine la kudhaniana."

Matano alifunga kibanda mchana kweupe, akaenda kutafuta karatasi.