Viroba Viwili Ghalani Ngonga

Asubuhi Kisa alianika kakao, kisha akampa mdogo wake Tusajigwe uji na kidonge. Tusajigwe ana kifafa. Alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuanguka, kwa sababu hakukosa dawa hata siku moja.

Sasa kopo lilibaki na vidonge viwili.

"Cha leo jioni na cha kesho asubuhi," Kisa alimwambia baba yao, Anangisye, kibarua wa ghala la mpunga. "Basi."

Walikwenda zahanati. Nesi Prisca alisikitika. "Dawa ilitoka wilayani Jumanne. Ilifika kwenye maji ya mafuriko pale Ngonga, halafu hatujui."

Anangisye alikuna kichwa. "Ile mizigo tuliyovusha kwa mtumbwi? Katoni zililowa, zikachanika. Makopo niliyatia kwenye viroba viwili, nikashona kama tunavyoshona mpunga."

"Viko wapi, baba?"

"Ghalani. Pamoja na mpunga wa watu."

Ghalani palikuwa na viroba zaidi ya mia tatu, vyote vyeupe, vyote vimeshonwa. Prisca alimwita Godwin, mtunza dawa wa wilaya. Alikuja na kifaa kama simu kubwa yenye mpini.

"Redio yako ina taarifa ya habari?" Anangisye aliuliza.

"Ina habari za dawa tu, mzee." Godwin alionyesha kopo tupu la dawa alilokuja nalo. "Chini ya karatasi hii kuna chipu ndogo kama punje ya ulezi. Haina betri. Kifaa kikituma mawimbi ya redio, chipu inajibu kwa namba yake."

"Hata ikiwa ndani ya kiroba?"

"Hata humo. Ila lazima nisogee karibu. Ndiyo maana mzigo husomwa kila unapotoka na kila unapofika. Kwenye mtumbwi hakuna aliyesoma."

Godwin alipita mbele ya viroba mara mbili. Kifaa kilikaa kimya. Anangisye aliinamisha kichwa.

Kisa si msemaji mbele ya wageni. Lakini alikumbuka vile vidonge viwili.

"Kaka," alisema polepole, "mzigo wa Jumanne uko nyuma, ukutani. Mpya hupangwa mbele."

Godwin akampa kifaa. "Wewe ni mwembamba. Pita."

Kisa alijipenyeza kando ya ukuta. Kifaa kililia mara moja. Akasogea. Kikalia mfululizo, na namba zikajaa kwenye kioo.

"Makopo arobaini," Godwin alisoma. "Yote yapo."

Prisca alikagua kopo moja moja. Vifuniko havikufunguka, na ndani palikuwa pakavu. Jioni ile Tusajigwe alimeza dawa yake kama kawaida.

"Ndaga fijo," Anangisye alimshukuru Godwin. Kisha akamgeukia Kisa. "Na wewe, mwanangu."

Masika yaliyofuata maji yalijaa tena. Katoni zilifika zimefungwa kwa nailoni, na Kisa akasimama kando ya mtumbwi ameshika kifaa. Mpiga kasia alitaka kuondoka.

"Tulia," Anangisye alimwambia. "Redio ya binti yangu haijamaliza kusikiliza."