Mwanagenzi Mwenye Mke

"Dakika kumi na tisa karamu iishe, Wragg. Nipe jina."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni. Thirza Wragg, miaka kumi na minne katika ujasusi, alizidi kufunua majalada. Alikuwa amepiga magoti katika ghala la kumbukumbu la Chama cha Mafundi Kufuli, London. Bastola ya Glock 19 kiunoni, vumbi la karne mbili na nusu puani.

Juu yake, ukumbini, watu themanini walikuwa wanakula bata.

Mmoja wao alikuja kuua.

Aliyewindwa alijulikana: Dokta Ilka Moravec, bingwa wa kufuli za makontena, mgeni wa heshima. Kesho angetoa ushahidi dhidi ya genge lililopitisha makombora bandarini. Muuaji alikuwa mmoja wa wanachama wapya watatu, walioingia leo kwa haki ya babu. Onyesha kwamba babu yako, hata wa karne zilizopita, alifundishwa ufundi hapa, karibu mezani.

"Kamata wote watatu, Mkuu."

"Kwa kosa gani? La kuwa na babu?"

Thirza alisukuma majalada mawili pembeni. Wenyewe walikuwa safi. Likabaki moja.

"Giles Tolland," alisema mzee Ambrose Fenner, mtunza kumbukumbu. "Huyo mwache, binti. Miezi saba tumemtafuta babu yake pamoja, mimi na yeye. Siku tulipompata kitabuni alilia. Nikamchemshia chai."

"Nisomee hivyo hivyo, mzee."

Fenner alivaa miwani kwa kununa. "Nathaniel Tolland. Aliandikishwa mwanagenzi wa fundi Hobday mwaka 1764. Akahitimu 1771. Hana doa."

"Na karatasi hii?"

"Cheti cha ubatizo wa mwanawe, mtoto wa ndoa. 1767. Ndicho kinachomfikisha kwa Giles. Alikileta mwe..."

Akakisogeza cheti kwenye taa.

"Mzee?"

"Mwanagenzi haoi." Akavua miwani. "Miaka saba, bila mke. Akioa, mkataba unachanwa, anarudi kwao na virago vyake."

"Labda aliificha ndoa."

"Amfiche nani? Tazama baba wa ubatizo."

Thirza alitazama. Hobday. Fundi wake mwenyewe, mwenye mkataba.

Aliyeghushi cheti kile alijua wino na mwandiko wa enzi hizo. Jina la fundi alilitia kama pambo. Hakujua jambo ambalo kila kijana wa karakana za London alilijua kabla ya kuota ndevu.

Kengele ililia ukumbini.

"Kikombe," alisema Fenner. "Kinazunguka meza nzima. Anayekunywa anakishika kwa mikono miwili. Jirani yake anampa mgongo, amlinde asichomwe kisu kwa nyuma."

"Nani anamlinda Moravec?"

Mzee alikaa chini polepole.

"Tolland. Viti nilipanga mimi. Aliniomba."

Thirza alikuwa ameshafika ngazini.

Ngazi hamsini na mbili. Mlango. Moshi wa mishumaa.

Ilka Moravec alikuwa ameinua kikombe, mikono yote miwili juu, shingo wazi. Nyuma yake Tolland aligeuka. Chuma chembamba kama cha kufungulia kufuli kilichomoza kwenye mkono wa koti.

Kupiga risasi haikuwezekana. Watu themanini.

Thirza aliingiza kiganja chake cha kushoto katikati.

Chuma kilipita upande wa pili.

Kwa mkono wa kulia aliikandamiza Glock chini ya kidevu cha Tolland.

"Babu yako alioa mapema mno, bwana."

Vijana wa Mkuu walimtoa kwa mlango wa jikoni. Fenner alisimama kizingitini akimtazama akipita. Tolland hakumtupia hata jicho.

"Siku ile," mzee alimuuliza Thirza, "alilia kweli?"

Thirza alikuwa anafunga kiganja kwa kitambaa cha meza.

"Wanafundishwa kulia, mzee."

Mezani, Ilka alikuwa bado ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kila jirani aliangalia sahani yake. Hakuna aliyetaka kusimama nyuma ya mwanamke yule.

Fenner alivuta miguu mpaka pale. Akampa mgongo, akaukabili ukumbi mzima, mikono imekunjwa ngumi.

Ilka akanywa.

Thirza alitupia koti bega moja, akatoka kwenye manyunyu.

"Shahidi?" aliuliza Mkuu sikioni.

"Anakunywa."

"Mkono wako?"

Alikitazama kitambaa, kilichokuwa chekundu chote sasa.

"Umepata tundu la ufunguo," alisema, akakizima kidude, akaenda zake.