Karai la Ulezi

Kila Jumamosi Zita alifua ovaroli ya baba yake, Polikarp, fundi wa karakana ya ushirika iliyotengeneza betri za magari pale Kizwite. Aliikung'uta vumbi la kijivu mlangoni, kisha akaifua katika karai lilelile ambalo mama alioshea ulezi.

Kazi ya baba ilikuwa kuyeyusha risasi, ile metali ya ndani ya betri. Tangu mvua za kwanza tumbo lilimsokota, na mkono wake wa kulia ulilegea hata jembe likamponyoka.

"Baba, twende zahanati," Zita alisema.

"Ya nini, mama? Meneja anatupa kikombe cha maziwa kila siku. Maziwa yanaosha sumu."

Glavu na barakoa zilikuwapo karakana, zimefungiwa stoo. Zilitolewa siku ya mgeni wa mkoa, zikapigiwa makofi, jioni zikafungiwa tena.

Kisha Kalisti, mdogo wake Zita, naye akaanza kulia tumbo. Hapo baba hakubisha. Walikwenda wote zahanati.

Nesi Atuganile, mtu wa Mbeya, alimfunua baba mdomo. Ufizi ulikuwa na mstari wa buluu.

"Hii ni alama ya sumu ya risasi. Na kinga yenu kazini?"

"Maziwa, Nesi. Glavu zimefungiwa stoo."

"Kumbe mmeajiri ng'ombe awalinde. Risasi huingia kwa pumzi na kwa mkono unaomega ugali. Maziwa hayaioshi. Mtoto ameipata kwenye nguo zako."

Zita aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nilizifua kwenye karai la ulezi."

"Hukuambiwa, mwanangu. Aliyefunga stoo ndiye aliyejua."

Akawaandikia barua ya kwenda hospitali.

Jumatatu, kwenye mkutano wa wafanyakazi, Polikarp aliweka kikombe chake mezani. "Ndugu Meneja, hiki nakurudishia. Tunataka ufunguo."

"Vile vifaa ni vya wageni."

"Wageni hawayeyushi risasi," akajibu mzee Flavian, mfanyakazi mwenzake, naye akaweka chake. Vikafuata vingine, hadi meza ikajaa. Kabla ya saa nne stoo ilikuwa wazi.

Baba, aliyetibiwa hospitali pamoja na Kalisti, alihamishiwa kazi ya nje, mbali na moshi. Sasa wote walinawa kabla ya kula, na ovaroli zilifuliwa hukohuko karakana.

Mavuno ya mwaka uliofuata, Kalisti alikuwa akikimbiza kuku, na mkono wa baba ulishika kisu cha kuvunia masuke bila kulegea. Mama alimwaga ulezi kwenye karai jipya, akashusha pumzi.

"Zita," baba alisema, "anayekupa maziwa akakunyima glavu hajakuhurumia. Kinga ya kazini ni haki, si zawadi. Idai mapema, kabla mkono haujalegea."