Vifungo vya Dorine

Kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia, na Dorine alikuwa bado chumbani kwao Mjimwema anafunga vifungo vya shati. Anavifunga vyote, anavifungua, anaanza upya. Mama yake, Lidwina, alidhani ni uvivu wa asubuhi. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, mitumba imefurika soko la Msamala, naye mchuuzi alikuwa na robota la nguo la kufungua. Akamgombeza, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu mtoto alikuwa anafika shule saa nne. Kisha akaacha kufika kabisa. Mwalimu Selestine alimletea Lidwina daftari: ukurasa mzima neno moja, limefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imetoboka.

"Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, mama," alisema kwa huzuni.

Nyumbani chakula kilipoa mbele ya Dorine kwa sababu kijiko hakikukaa sawasawa. Na chumba chake kikaanza kunuka nywele zilizoungua, ingawa humo hamkuwashwa moto.

"Nani anakuambia ufanye hivi?" Lidwina alinong'ona.

"Anakaa nyuma ya sikio." Binti alishika tena kifungo cha juu. "Anasema nikiacha, wewe utakufa leo hii."

Lidwina hakujali padre angesema nini. Alimwita Bi Halima, mganga wa Kiyao aliyehamia kutoka Nalasi. Bibi alifukiza ubani, akamkalisha mama mbele ya binti.

"Funga kimoja tu, mjukuu wangu. Kisha weka mikono mapajani."

"Mama atakufa!"

"Mama yako huyo hapo. Mtazame."

Dorine akafunga kimoja, akaweka mikono mapajani, na papo hapo bati la paa likaanza kulia kama linavurumishiwa mawe, ile harufu ikawajaa kooni, na kinywani mwa mtoto ikatoka sauti nzito ya kiume ikisema rudia, rudia, rudia, huku Lidwina akihisi kifua kinabanwa kana kwamba mtu amemkalia, pumzi zinakatika, macho yanaingia giza, lakini akajizuia kulia kwa kuwa alijua akilia tu vidole vya binti vitarudi kwenye vifungo, basi akauma meno, akamtazama mwanawe, akalazimisha tabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha bati likanyamaza.

"Ametoka?" Lidwina aliuliza, akihema.

"Kwa mtoto ametoka," alisema Bi Halima akikusanya vitu vyake. Hakumtazama machoni.

Siku iliyofuata Dorine alivaa mara moja, akamaliza uji wote. Lidwina alimsindikiza. Njia ilikuwa tupu, wako wawili tu, na binti alikuwa akisimulia habari za mtihani, maneno yanamtoka kama zamani. Ndipo Lidwina akasikia nyayo nyuma yao. Akiongeza mwendo, nazo zinaongeza. Akipunguza, zinapunguza. Dorine hakuzisikia.

"Mama, mbona umenishika kwa nguvu?"

Lidwina hakugeuka.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Mtihani wenyewe ni lini?"