Mguu wa Mama Mkwe

"Nilikuletea kitambaa cha magauni mawili, umenishonea moja. Mabaki yako wapi?"

"Hayakubaki, Mama Mapacha. Gauni lako lina marinda."

"Marinda gani hayo ya kumeza kitambaa chote? Nimevaa gauni au nimevaa pazia la ukumbi?"

"Ulisema unataka litembee ukitembea. Si ndiyo hivyo linatembea?"

Mama Mapacha alikuwa upande wake wa ukuta mfupi, mikono kiunoni, gauni lenyewe mwilini: la njano, limejaa ndege wa buluu. Fundi cherehani alikuwa upande wa pili, futi ya kupimia shingoni, anajibu kwa mdomo lakini macho yanatazama chini. Nyuma yake grainda ya kusugulia kutu ililia, cheche zikaruka, na wingu la vumbi jekundu likapanda taratibu kuelekea kwenye kamba za nguo.

"Na hilo nalo," akasema Mama Mapacha. "Nimeanika mashuka meupe, naanua mashuka ya rangi ya chai. Huyo mchumba wako hawezi kungoja watu waanue?"

"Anamalizia."

"Anamalizia tangu wanangu wanatambaa. Sasa hivi wananijibu."

Waliokuwa wanachota maji bombani wakacheka. Fundi akaingia ndani, akafunga mlango.

Mchumba mwenyewe alikuwa amelala chali chini ya gari, kila neno limemfikia. Watu walimwita Msasa, kwa sababu hata akija kukusalimia vidole vyake vinakukwaruza. Mchana alikuwa karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Akitoka huko, anakuja uani kwa mama mkwe mtarajiwa kupigana na chuma.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake fundi, gari la porini la zamani, refu kwenda juu, matairi yote manne yanavuta. Mwenyewe alipofariki likabaki nyuma ya nyumba, kutu ikalila, kuku wakahamia. Msasa alipokuja kuomba ruhusa ya kuoa, mama mtu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

"Mwanangu, maneno mazuri nimeyasikia mengi. Lifufue gari la mume wangu. Siku nitakayolipanda likanitoa nyumbani hapa, tukirudi tunapanga ndoa."

Basi kijana akaingia kazini na mshahara wake wa stoo. Nati zilizoganda alizilowesha kwenye siki. Mlango mmoja aliutoa kwa wauza chuma chakavu, viti akavitengeneza kwa sponji la kochi, rangi akaipaka kwa rola ya ukutani. Mambo yote aliyaweza isipokuwa sakafu. Sakafu ilikuwa imeoza. Ukiinua zulia unaona ardhi, unamwona na kuku akipita.

Ilitakiwa ikatwe, bati jipya lichomelewe. Na mchomeleaji alikuwa palepale, ukuta kwa ukuta: mume wa Mama Mapacha, fundi wa mageti. Lakini utamgongeaje mlango mtu ambaye mkewe umemgeuzia mashuka kuwa rangi ya chai? Msasa akaona aibu, akasogeza mbele. Siku ikazaa siku, mpaka simu ikaita yuko stoo.

"Mwanangu, nimemwahidi dada yangu kwamba Jumapili tunakwenda kwake. Na gari."

"Jumapili hii, mama?"

"Hii. Nimeona umeshapaka rangi. Kuna kilichobaki?"

Msasa akatazama rafu za misumari.

"Hakuna, mama."

"Sakafu umeshaiweka?"

"Iko sawa."

"Mungu akubariki. Nilikuwa nakuombea."

Alipokata simu, Msasa akahesabu siku zilizobaki kwa vidole.

Jumapili mtaa mzima ulitoka. Wengine walikuja kushangaa, wengine walikuja kuona kama litawaka. Likawaka. Likanguruma, likatoa moshi mweusi kidogo, likatulia. Watu wakapiga makofi. Fundi alimtazama mchumba wake kwa namna ambayo hata mtoto angejua huyu amependa.

Mama akatoka na viatu vyake vya kutokea na mkoba mkononi. Akazunguka gari lote, akalishika boneti kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Angekuwepo angelia," akasema.

Msasa akamfungulia mlango. "Taratibu, mama. Kanyaga pembeni, pale kwenye ukingo."

"Pembeni kwa nini? Gari langu hili."

Akakanyaga katikati. Kwanza ulisikika mlio mdogo, kama biskuti inavunjwa. Halafu mguu wa mama ukazama, kiatu na vyote, ukatokea chini ya gari.

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Mapacha hakucheka. Wanaume wawili walimshika mama kwapani, wakamvuta polepole, muundi umechubuka, kiatu kimebaki kwenye shimo. Na mguu ulipotoka, ulitoka na vitu. Vipande vya puti, ule udongo wa kuzibia mabodi ya magari, vigumu kama sahani iliyovunjika. Na ndani ya puti, kitambaa. Msasa alikuwa ameziba sakafu kwa matambara, akapaka puti juu, akapaka rangi, akatandika zulia.

Mama Mapacha akainama, akaokota kipande kimoja, akakigeuza. Akatazama gauni lake.

"Ndege hawa nawajua," akasema.

"Fundi. Si uliniambia hayakubaki?"

Fundi cherehani alikitazama kile kipande. Akamtazama Msasa. Watu wote wakamtazama Msasa. Ilitakiwa sentensi moja tu kutoka kwake: nilichukua mimi, yeye hajui. Msasa akawa anatazama viatu vyake.

"Kumbe mabaki yetu yanatengenezea gari la harusi," mtu akasema kwa nyuma. "Ndiyo maana sketi yangu ilinibana."

"Na mimi blauzi yangu."

Mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti, anafunga mguu wake kwa kanga. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu ameliendesha gari hili mpaka likachoka," alimwambia Msasa. "Hakuniangusha hata siku moja."

Msasa akazima gari, akaweka ufunguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Jioni hiyo akamtumia mchumba wake ujumbe: "Mguu wa mama vipi?"

Jibu likakawia. "Umevimba. Ila kinachomuuma si mguu. Usije."

Siku iliyofuata ukaja mwingine: "Wateja wangu wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijakata. Wanasema wameghairi kushona. Hakuna aliyenitazama usoni."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakaribia kukatika.

"Unasemaje?"

"Nakuomba unisamehe."

"Kitambaa ulikitoa wapi?"

"Chini ya cherehani yako. Kwenye mfuko. Nilidhani ni matambara."

"Nilikuwa nimekikunja nimrudishie mwenyewe. Nikakitafuta nyumba nzima. Nikaona haya kumwambia mteja kitambaa chake kimenipotea, nikasema kilikwisha. Na mimi nimesema uongo, lakini uongo wangu ni wa kitambaa. Wewe umemkanyagisha mama yangu matambara."

"Nilitaka Jumapili ipite tu. Ningeyatoa baadaye, niweke bati."

"Na pale walipokuwa wananiita mwizi? Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Yako uliiona," akasema. "Yangu je?"

Akakata.

Msasa hakulala vizuri wala hakula vizuri. Stoo alimpa kopo la gundi mtu aliyeomba kopo la rangi. Neno lile likawa linamzunguka kichwani: yako uliiona, yangu je. Jumamosi asubuhi akavaa shati safi na akachagua saa mbaya kuliko zote, saa ambayo bomba limejaa ndoo na wenye ndoo. Angeweza kwenda wakati hakuna watu. Akaona huo nao utakuwa uoga uleule.

Mama Mapacha alikuwa anasuuza nguo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuchukua na mashuka?"

Ndoo zikaacha kugongana.

"Nimekuja kusema kwamba kitambaa chako nilichukua mimi. Fundi hakujua. Alikuwa amekikunja akurudishie, kikampotea, akaona aibu kukwambia. Mimi nikakitia kwenye puti. Jumapili nilikuwa nimesimama pale, nilitakiwa kusema, nikanyamaza. Yeye si mwizi. Hajamwibia mtu yeyote hapa."

Mwenye sketi iliyombana akaanza kutafuta kitu ndani ya ndoo yake.

"Haya maneno unayasema mbele ya watu wote hawa?" Mama Mapacha akauliza.

"Ndiyo. Nimewasubiri wajae."

Mama Mapacha akakamua shuka, akalikamua tena mpaka halikubaki na tone.

"Unajua umeniweka pabaya? Wiki nzima nimemtukana mtoto wa watu. Nimemtukana mpaka matusi yameniishia, nikaazima ya dada yangu. Sasa uso nitaupeleka wapi?"

"Kitambaa nitakulipa."

"Kitambaa kitu gani. Nusu limevaa gari, nusu nimevaa mimi, tumekuwa sare." Akageuka kuelekea nyumbani kwake. "Baba Mapacha, njoo huku. Mwizi wa ndege amepatikana."

Fundi mageti akatoka na miwani yake nyeusi kichwani. Msasa akamgeukia kabla ujasiri haujampoa.

"Kaka, naomba unisaidie sakafu. Nilikuwa naona aibu kukuomba. Mageti yako yote nitayasugua kutu mimi, mpaka deni liishe."

Fundi mageti akamtazama vidole.

"Wewe hata msasa sikupi. Utasugua na hivyo hivyo."

Mchana huohuo Msasa akarudi uani, kwa hodi ya aibu ambayo hakuna aliyeiitikia. Akatoa viti, akatoa zulia, akashika patasi na nyundo. Puti yote aliyoipaka akaibandua, kipande kwa kipande, na kila kipande kikija na tambara lake. Watoto wakayapanga matambara ukutani. Hakuyaficha. Sakafu ikabaki wazi jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo, shimo juu ya shimo, watu wakipita wanachungulia na kuguna.

Siku zilizofuata alikuja kila akitoka kazini. Hakuingia ndani. Akiona mama yuko mlangoni anainamisha kichwa, "Shikamoo, mama," na mama anaitikia, basi. Akisikia njaa anakwenda nyuma ya gari kula mkate mkavu amesimama. Bati alilitoa kwenye kabati la chuma la ofisi lililotupwa na duka lao. Akalipima, akalikata, fundi mageti akaja na mashine yake.

"Hapa panataka mtu wa pili kushikilia," fundi mageti akasema. "Likicheza tu, limeharibika."

Mkono ukashika ncha ya bati. Mkono wa mtu wa cherehani, na kofia ya kidole ya kushonea bado kidoleni.

"Bado nimekasirika," fundi cherehani akasema.

"Najua."

"Nimekuja kushika bati."

"Asante."

"Usinishukuru. Tazama huko, macho yasiungue."

Moto ukawaka, wakageuza nyuso zao, kila mmoja upande wake. Ulipozima, fundi akasema bila kumtazama:

"Mama Mapacha amekuja kwangu jana. Amelia, halafu ameleta kitambaa kingine. Amesema safari hii mabaki nishone kofia za mapacha, atazihesabu."

"Na wateja?"

"Wanarudi mmoja mmoja. Wanajifanya walikuwa wamesafiri."

Msasa akatabasamu, kisha akajuta kutabasamu.

"Siku ile ungesema neno moja tu," fundi akamwambia, "ningesimama na wewe mbele ya wote. Hata mama angekufukuza, ningesimama na wewe."

"Ndiyo inayoniuma mpaka leo."

"Ikuume kidogo tena," akasema. "Halafu basi." Akasogea, bega lake likagusa la mwenzake, likabaki hapo. "Shika upande ule, unapanda."

Sakafu ilikwisha siku ambayo fundi mageti alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Haikuwa nzuri. Mishono ya moto ilipanda na kushuka, rangi ya kabati la ofisi bado inaonekana huku na huku. Mama akatoka, anachechemea kidogo. Akakaa ukingoni mwa mlango wa gari, akaingiza mguu uleule ulioumia, akakanyaga katikati. Akasimama juu yake kwa uzito wake wote. Akarukaruka kidogo, mwanamke mzima.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya, mama. Kesho naipaka rangi."

"Usipake. Nataka nione ninapokanyaga."

"Itaota kutu tena."

"Basi paka. Ila zulia usitandike."

"Sitatandika."

Akashuka. Msasa akakumbuka kumpa mkono, kisha akaurudisha kwa sababu ya uchafu, na mama akaushika hivyohivyo ulivyo.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula mkate nyuma ya gari. Nimekuona dirishani, na jana nimekuona. Mkwe wangu anakula uani kama mtu aliyekuja kusoma mita?"

Msasa akatazama chini, safari hii kwa sababu nyingine.

"Nina kutu mpaka masikioni, mama."

"Sabuni ipo, maji yapo. Na fanya upesi, Mama Mapacha yuko ndani na mapacha wake wote wawili, wameshashika vijiko. Nawa uingie ule, mwanangu."