Waya Kwenye Mti wa Machifu

Bupe alisukuma sahani ya ndizi. "Mama, mkanda unanibana."

Esnath akainua gauni la mtoto. Hakukuwa na mkanda. Kulikuwa na alama nyekundu, imesokotwa kama kamba, imezunguka kiuno chote.

Sebuleni mumewe Lukasi na rafiki yake Amoni walikuwa bado wanajisifu jinsi Landkruza ilivyopanda msitu wa Mlima Rungwe. Ilikwama kwenye mteremko, wakafunga waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia iliyo mbele ya gari, kwenye mti, wakajivuta. Waya ulipogoma kufunguka, wakaukata na kuuacha.

"Mti gani?" Esnath aliuliza.

"Wa pale walipozikwa machifu," Lukasi akasema. "Ndio uliokuwa karibu, mama Bupe."

"Mmefunga winchi makaburini?"

Amoni akacheka. "Wale wazee wameshaoza, shemeji."

"Sijaoza," Bupe akajibu kutoka jikoni, kwa sauti ya mzee, kwa Kinyakyusa ambacho hakuna aliyemfundisha. "Nimefungwa."

Harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa nyumba.

"Hilo jini," Amoni alinong'ona. "Tumwite mchungaji."

"Utamwita ukishafungua ulichofunga," Esnath akamfokea. " Washa gari, mpumbavu wewe!"

Walipanda mlima mvua ikinyesha, Amoni akiendesha. Kila injini iliponguruma alama ilizidi kuzama nyamani, na Esnath, akiwa amempakata mtoto katikati ya chupa za bia walizoacha wanaume kiti cha nyuma, alisikia kitu kikitembea nje sambamba na dirisha, kikihema kama mtu aliyebebeshwa gogo, kikinyamaza gari liliposimama na kuanza tena lilipoondoka, mpaka akaacha kusali akaanza kutukana.

Mtini, waya ulikuwa umemezwa na gome kana kwamba umekaa pale miaka mingi. Lukasi akaugusa kwa koleo. Mtoto akapiga ukelele.

"Acha!" Esnath akamsukuma kando, akaukabili mti. "Sikiliza, mzee. Mwanangu hakuja huku. Aliyekufunga ni huyu. Mchukue huyu!"

"Mke wangu, unasema nini?"

Waya ukaanguka wenyewe. Bupe akashusha pumzi ndefu, kiuno chake kikiwa laini tena.

Wakati wa kuteremka Esnath alikaa mbele na mtoto, kando ya Amoni. Lukasi alikaa nyuma peke yake, ameinama. Bupe akageuka kumtazama.

"Mama, yule babu amemkalia baba mabegani."

Esnath hakugeuka.

"Lala, mwanangu," alisema. "Wana mazungumzo yao."